Mdhamini wa Mchanja Kuni

Mume wangu aliwahi kupigana na ngamia, na ngamia ndiye aliyekimbia. Naanza na hilo kwa sababu mtu yeyote wa rika langu hapa Amritsar ataanza nalo ukimtajia Gajjan Singh mchanja kuni. Ngamia alikuwa ameleta mzigo kutoka mashambani, akamng'ata bega. Mume wangu akalitupa shoka chini, eti pigano liwe la haki, akamtwanga ngumi ya pua. Mwenye ngamia alipokuja juu, naye akapewa yake.

Mimi ni mkewe, na mke wa kwetu hamtaji mumewe kwa jina. Hapo juu nimeliandika kwa sababu kalamu haina mume. Kwangu yeye ni Baba Tejo, kwa jina la binti yetu wa pekee, ambaye wakati wa mambo haya alikuwa ameshaolewa kule Tarn Taran. Na niseme mapema, asije mtu akamsingizia: katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuninyanyulia mkono hata mara moja. Ngumi zote aliwamalizia walimwengu, nyumbani akaja na kiganja wazi.

Kibanda chetu kilikuwa karibu na Lango la Sultanwind. Kila alfajiri, kabla ya kumuuzia mtu hata kijiti, alichanja mzigo wa kwanza kwa ajili ya jiko la Guru, lile linalolisha watu bure, akaubeba begani mpaka Darbar Sahib, hekalu letu kuu sisi Wasikh. Huko tajiri na ombaomba huketi sakafuni mstari mmoja, wakala dengu na chapati zilezile. Baba Tejo alikuwa akisimama mlangoni akiwatazama wanavyokula, kisha ananiambia, "Wapishi wanasifiwa bure, Mama Tejo. Dengu ile nimeiivisha mimi."

Kwa hiyo habari za Bustani zilipofika mjini, kwake ilikuwa kama ametukaniwa mama. Bustani ya Guru iko mwendo wa nusu siku kwa miguu. Ina hekalu dogo na shamba la migunga, na kuni za jiko la pale zimekatwa humohumo tangu enzi za babu zetu. Mwezi wa Agosti, mwaka 1922, polisi wakawakamata watu watano kwa kukata mgunga mkavu. Wizi, serikali ikasema, eti shamba ni mali ya mtunza hekalu. Yaani Guru ameiba kuni za Guru! Basi Wasikh wakaamua kwenda kukata kuni hizo kila siku, kundi baada ya kundi, na polisi wakaamua kuwapiga kila siku, kwa marungu yaliyovishwa chuma nchani. Kila kundi lilianzia mbele ya Akal Takht, jumba la baraza letu la dini linalotazamana na Darbar, na kula kiapo: hatutarudisha pigo, hatutatoa neno chafu, hatutageuka nyuma. Waliorudi walirudi juu ya mikokoteni.

Asubuhi moja Baba Tejo akanawa mikono, akasema anakwenda kuandikisha jina.

Nilicheka. Sioni sababu ya kuficha.

"Wewe? Kiapo cha kutotukana? Hata mwisho wa mtaa hufiki."

"Nitafika."

"Kwa muuza maziwa tu utakuwa umeshakivunja."

"Mama Tejo," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Kama kuni za Guru ni za wizi, mimi niliyezichanja miaka yote hii ni nani? Si ndiye mwizi mkuu? Sasa waje wamkamate mkuu, wawaache wadogo."

Nikajifunga mtandio, nikamfuata.

Aliyekuwa akiandika majina ni Mzee Utam Singh. Aliacha vidole vitatu Ufaransa akimpigania Mfalme wa Waingereza, na sasa, kwa vidole vilivyobaki, aliandika majina ya watu waliokuwa wakienda kupigwa na askari wa Mfalme huyohuyo. Alimwona mume wangu kwenye foleni tangu mbali, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jina?"

"Unalijua, Mzee."

"Nalijua, ndiyo maana kalamu imegoma." Foleni nzima ikacheka. "Gajjan, mdogo wangu, hapa tunatafuta watu wa kupigwa. Wa kupiga tunao tele."

"Nimekuja kupigwa."

"Yule aliyejenga Darbar hii, Guru wetu wa tano, walimkalisha juu ya kikaango cha moto. Alirusha ngumi?"

"Hakurusha."

"Na wewe, kwa ngamia?"

"Ngamia ndiye aliyeanza."

Watu wakaangua kicheko, hata Mzee mwenyewe akatabasamu. Kisha akaweka kalamu chini, akasogea karibu, na uso wake ukabadilika.

"Sikiliza. Watu mia wakinyamaza na mmoja akarusha ngumi, kesho magazeti yataandika ngumi. Polisi wanaitafuta ngumi hiyo kwa tochi, wapate sababu ya kutumia bunduki. Na wale wote waliovunjwa mbavu kabla yako watakuwa wamevunjwa bure. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na Hira je?"

Hapo hakuna aliyecheka. Hira alikuwa mdogo wake Baba Tejo. Miaka mitatu kabla, siku ya Baisakhi, sikukuu yetu ya mavuno, alikwenda kusikiliza hotuba kwenye ule uwanja wenye kuta, wanajeshi wakawamiminia watu risasi, na sisi tukamkuta kesho yake asubuhi chini ya maiti wengine wanne. Tangu siku hiyo Baba Tejo akimwona askari njiani huvuka upande wa pili. Si kwamba alimwogopa askari. Alijiogopa mwenyewe.

"Hira nitamwacha nyumbani," akasema polepole. "Nitakwenda na kuni tu."

Mzee Utam akaichukua tena kalamu. "Basi lete mdhamini. Mtu atakayesimama mbele ya Akal Takht aseme, huyu akivunja kiapo, aibu ni yangu. La sivyo siandiki."

Sharti hilo hakuwekewa mtu mwingine yeyote. Lilitungwa palepale kwa ajili yake. Baba Tejo akageuka kuitazama foleni. Mlikuwa na wachanja kuni wenzake, mlikuwa na watu aliocheza nao mieleka, mlikuwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimwokoa asizame kisimani. Kila mmoja alipata kitu cha kutazama sakafuni. Nikaona shingo ya mume wangu inavyoinama, shingo ambayo haikuwahi kuinama, na hasira zikanipanda kichwani. Maana niseme na hili: kwa hasira, sisi wawili tulikuwa chungu na kifuniko chake.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nani?" akauliza mmoja nyuma. "Mwanamke amdhamini mwanamume?"

"Wewe mwanamume mbona umenyamaza?" nikamjibu. "Mzee, andika. Ralli Kaur, mkewe. Akivunja, aibu ni yangu, na ya mama yangu aliyenizaa."

Mzee Utam akaandika. Zamu yetu ingefika baada ya siku saba.

Siku hizo saba majirani zetu hawakuzisahau. Tulipofika tu nyumbani, Baba Tejo aliketi katikati ya ua, akakunja miguu, akaniambia, "Nitukane."

"Nikutukane nini?"

"Lolote. Usinionee huruma, wale hawatanionea."

Nikaanza na mama yake. Akavumilia. Nikaja kwa baba yake, na mashavu yake, na jinsi anavyokoroma. Akavumilia, anatetemeka lakini anavumilia. Nikasema shoka lake halikati hata siagi. Akaruka juu kama amekalia kaa la moto, akanipigia kelele mpaka kunguru wakahama. Kisha akaketi tena, akafuta jasho. "Tena," akasema. "Rudia la shoka."

Siku ya pili akaniletea kile kifimbo cha kusukumia chapati. Nilikataa, akasihi, nikakataa, akaniambia, "Mdhamini, unataka kuaibika?" Basi nikaanza kumpiga mgongoni, kwanza kama anayepangusa vumbi, baadaye kwa nguvu. Mallan, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Tejo! Umepandwa na nini? Polisi wakikuona watakuajiri!"

"Rudi jikoni, Mallan, dengu yako inaungua."

"Haiungui."

"Itaungua. Nenda."

"Shemeji," akamwita mume wangu, "umemkosea nini huyu hata umwache akupige hivyo?"

"Sijamkosea," akajibu Baba Tejo, ameuma meno. "Ananisaidia." Mallan alisimulia jibu hilo kwenye kila mlango wa mtaa.

Siku ya nne nilidhani tumeshinda. Nilimpiga mabega, nikampiga mapaja, nikamtukania shoka, naye ametulia, mikono ameishikanisha kifuani, anataja jina la Waheguru, Mungu wetu. Ndipo kifimbo kikaniponyoka kidogo, kikampiga ubavu wa kichwa, na kilemba kikaanguka chini.

Kwetu kilemba cha mtu hakiguswi. Ukitaka kumwua mwanamume wa kwetu huku anapumua, mvue kilemba mbele za watu. Mikono yake iliruka kichwani kabla hajajua kama imeruka, na ilipokuwa ikishuka ikakinyakua kile kifimbo mkononi mwangu, ikakivunja vipande viwili kama muwa. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Yeye akabaki amesimama, anavitazama vile vipande.

"Ni hapa," akasema.

"Hapa wapi?"

"Ugonjwa wangu uko hapa. Mikono ikikaa kifuani naiweza. Ikipanda mpaka kichwani, hairudi mitupu." Akaketi, akakiokota kilemba, akakipangusa vumbi kwa ukingo wa shati. "Kwa hiyo haitapanda. Kilemba kikianguka, kianguke."

"Ukae nywele wazi? Mbele ya askari?"

"Mbele ya askari, mbele ya Guru, mbele ya mama mkwe wangu. Haitapanda."

Nilikwenda jikoni nikalia, kisha nikatoka nikaendelea kumpiga, safari hii kwa mti wa fagio. Kila mara nilikilenga kilemba. Kila kilipoanguka, mikono yake ilitetemeka kifuani, vidole vikang'ang'aniana mpaka vikawa vyeupe. Siku ya sita na ya saba haikupanda. Lakini mimi si askari, na uani kwetu si Bustani. Tulilijua hilo wote wawili, hatukulisema.

Wakaondoka watu mia, asubuhi yenye mvuke, mvua za masika ya kwetu zikiwa ndiyo kwanza zinaisha. Walivaa vilemba vyeusi vilivyozungushiwa shada la maua meupe. Walisimama mbele ya Akal Takht, wakala kiapo, na mji mzima ukawasindikiza mpaka nje ya lango. Watu walitupa maua kutoka madirishani. Bibi mmoja kizee alimwita mume wangu, "Wewe mpiga ngamia, usituaibishe leo!" na Baba Tejo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakujibu. Sisi wanawake tisa tulifuata nyuma na mkokoteni wa maji na vitambaa vya kufungia majeraha. Sijawahi kuwaona wanaume wakitembea vizuri namna ile, wala sikuwaona tena. Wengi wao walikuwa wanajeshi wastaafu, walikwenda kwa hatua moja, na kila medali ilikuwa imeachwa nyumbani.

Polisi walikuwa wakitungoja Bustanini. Sisi wa mkokoteni tulizuiwa ng'ambo ya mtaro, tusiguse majeruhi mpaka kazi iishe. Ofisa wao, Mwingereza mwenye kofia ya jua, alikuwa juu ya farasi, anatafuna kitu. Watu wetu wakawa wanasogea watano watano. Watano wanapiga hatua kuelekea kwenye migunga, marungu yanashuka, wanaanguka. Anayeweza kuinuka anainuka, anapiga hatua nyingine. Wakishindwa kuinuka, wanaingia watano wengine. Hakuna aliyepiga kelele. Ulisikia marungu tu, na jina la Mungu.

Baba Tejo alikuwa katika safu ya tatu.

Rungu la kwanza lilimpata bega lilelile la ngamia. Akaanguka, akainuka, mikono kifuani. La pili, mbavu. Akaanguka, akainuka. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa mkokoteni, sitazami mgongo wake, sitazami damu, natazama mikono tu. Kaeni hapo, naiambia. Kaeni hapohapo. La tatu likampata kichwani, kilemba kikaruka, nywele zake zikamwagika mpaka kiunoni, nusu nyeusi nusu nyeupe, nywele ambazo hakuna aliyeziona zimefunguka isipokuwa mama yake na mimi.

Mikono ikatetemeka. Nilikiona kiganja cha kulia kikiachana na cha kushoto, kwa upana wa kidole. Kisha vikarudiana.

Askari mmoja, kijana mwenye masharubu membamba, akamkamata zile nywele, akamburura kwenye dimbwi. Akaupiga rungu mkono wa kulia, nikasikia mfupa kama kuni kavu. Hata hapo vidole havikuachiana. Mkono uliovunjika ulishikwa na mzima. Akajiinua akapiga magoti kwenye matope, akasema, "Waheguru." Na yule askari, sijui alikuwa amechoka au aliona haya, hakumpiga tena. Alikigeukia kile kilemba kilichokuwa chini, akakipiga teke. Kikaruka juu ya mtaro, kikaangukia miguuni pangu.

Sikumbuki kuvuka mtaro. Nakumbuka tope la baridi mpaka magotini, na kwamba nilikuwa na kipande cha tofali, na kwamba tofali lilikuwa juu ya kichwa changu, na kisogo cha yule askari kilikuwa hatua nne mbele yangu. Nyuma wanawake waliniita kwa sauti ya kunong'ona, "Ralli! Ralli!" Ofisa alikuwa anatazama upande mwingine. Nilijua kabisa ninachokwenda kufanya, na nilikitaka. Nyani haoni kundule: siku saba nzima nilikuwa nimelinda mikono ya mtu mwingine.

"Mama Tejo."

Alikuwa ananitazama kutoka pale kwenye dimbwi, jicho moja limeshafumba. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Weka chini, mke wangu."

Sikuweka.

"Kilemba changu kiko nyuma yako," akasema. "Mimi siwezi kukifikia. Njoo unifunge."

Mkono wangu ukashuka. Tofali lilianguka kwenye majani, yule askari akageuka, akakuta mwanamke mwenye matope, hana kitu mkononi. Nilirudi ng'ambo ya mtaro nikakiokota kilemba, nikakikamua, nikapita mbele ya askari huyo kana kwamba ni mti, nikapiga magoti. Nilizikusanya nywele zake, nikazisokota, nikaanza kufunga. Kilemba cha mtu mzima si kitambaa kidogo, ni kazi. Kilikuwa kizito kwa maji. Askari alisimama juu yetu, rungu mkononi, mpaka nilipochomeka ncha ya mwisho. Kisha safu ya nne ikapita kando yetu, watu watano, wakielekea kwenye migunga.

Tulipokuwa tunarudi, Baba Tejo amelala juu ya mkokoteni, wale wanawake wanane waliniapia bila kuombwa. "Hatukuona kitu," walisema. "Jua lilikuwa machoni." Siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Mji wote ulikuwa umeshapata habari. Gajjan Singh, mpiga ngamia, ameburuzwa kwa nywele na hakuinua hata kidole! Watu walikuja kumtazama pale walipolazwa majeruhi kama wanavyokwenda kuwatazama maharusi. Muuza maziwa alileta samli. Mwenye ngamia, yule yule, alileta mzigo mzima wa kuni, akauacha mlangoni akaondoka bila kuaga. Na mimi nilipongezwa. Mdhamini! Mwanamke shujaa! Kila pongezi ilinichoma kama mwiba wa mgunga.

Siku ya tatu nikaenda kwa Mzee Utam Singh. Alisimama aliponiona, mzee mzima, kwa heshima yangu.

"Mwanangu, nilimdhihaki mumeo mbele za watu. Nakuomba radhi."

"Mume wangu ametimiza kiapo," nikasema. "Aliyevunja ni mdhamini."

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Ulimpiga mtu?"

"Sikumpiga."

"Basi hakuna kilichovunjika. Nenda kamuuguze mumeo."

"Mzee, mkono ulikuwa juu na tofali lilikuwa ndani yake. Sikulishusha kwa akili zangu. Mtu anayepigwa, mfupa umevunjika, ndiye aliyenishusha. Niliandikwa hapa kuwa ninamdhamini. Kumbe yeye ndiye aliyenidhamini mimi."

"Hakuna aliyekuona."

"Guru ameniona. Na Baba Tejo ameniona, na hatasema mpaka afe, na nitakula naye chapati kila siku nikijua anajua na hasemi. Huo si uhai, Mzee."

Akaiangalia mikono yake yenye vidole vichache. "Una hakika unataka kusimama?" akauliza.

"Nina hakika."

Kwetu mtu akikosa, husimama mbele ya kusanyiko akalitaja kosa kwa mdomo wake, na watu watano waliochaguliwa humpangia kazi ya kuosha moyo. Nilisimama. Nikasema kila kitu, hata yale masharubu membamba. Wale watano wakashauriana, wakaniamuru nikae siku saba pale langoni kwa Darbar Sahib, mahali pa viatu, nikipokea viatu vya waumini na kuvifuta.

Mallan alinifuata nje, amekasirika kwa niaba yangu. "Kwa tofali ambalo hukurusha? Wale waliorusha risasi siku ile ya Baisakhi wanapewa pensheni, wewe kwa tofali la kushikwa tu unafutishwa viatu?"

"Ndiyo," nikamwambia, na papo hapo nikahisi kitu kinapanda kifuani, nikakijua: ilikuwa fahari. Wale wenye bunduki na farasi hawakumwuliza mtu wao kwa nini ameua. Sisi, tusio na kitu, tumemwuliza mwanamke kwa nini ameinua tofali. Nani basi mwenye dola hapo?

Juma hilohilo amri ikatoka kwamba vipigo vikome. Wakawa wanawakamata watu na kuwafunga tu, maelfu, mpaka magereza yakajaa. Hawakukubali kwamba wameshindwa, lakini marungu yalikuwa yamechoka kabla yetu.

Siku yangu ya tano langoni, foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeketi chini na kitambaa changu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilifuta viatu vya mahakimu, vya wachuuzi, vya wafagiaji. Kwenye magoti yangu vyote vilikuwa na uzito mmoja. Mara jozi moja ikawekwa mbele yangu, ngozi nzito, visigino vimeliwa.

"Bibi, viatu."

"Vya nani?" nikauliza bila kuinua uso, ingawa nilivijua tangu siku vilipotoka kwa fundi.

"Vya mwizi wa kuni."

Nikainua uso. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa shingoni kwa kitambaa, jicho bado limevimba, kilemba nilikuwa nimemfunga mwenyewe asubuhi ile. Daktari alikuwa amemkataza kutembea, na bila shaka daktari alikuwa ametukanwa.

"Nani amekuruhusu kuamka?"

"Futa viatu, mama. Unachelewesha watu."

Chini ya soli kulikuwa na tope la Bustani, limekauka. Nililibandua kwa kidole polepole, likawa vumbi kiganjani. Nikafanya kama tunavyofanya na vumbi la miguu ya waumini: nikajipaka kwenye paji la uso.

"Hilo ni tope tu," akasema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza. Umetimiza kiapo siku moja, unataka kuwa kuhani?"

Akacheka, akashika ubavu kwa maumivu, akageuka kwenda. Foleni ikajipasua katikati kumpisha. Watu walimpisha Baba Tejo miaka yote, kwa kuziogopa zile ngumi. Siku ile mkono mmoja ulikuwa umefungwa shingoni na wa pili umekamata ukuta asianguke, na walimpisha wote, hata mahakimu, wengine wakainama. Alipita peku kwenye marumaru, kichwa juu, mpaka sikumwona tena. Nililia kwa fahari, na viatu vya watu vikalowa magotini pangu.